Mkaa Endelevu

Msichana wa jikoni katika hoteli moja alijifanya anatazama nje ya basi, ila masikio yote yalikuwa kiti cha mbele. Pale bwana misitu, fulana yake imeandikwa "Linda Miti", alikuwa akimsomesha mama mmoja habari za kilimo endelevu na chakula cha kesho, miguu kaipumzisha juu ya gunia la mama huyo.

"Humu mna nini, dada?"

"Mihogo, shemeji."

Bwana misitu akaligusa, vidole vikatoka vyeusi. "Mihogo gani hii? Nalichukua gunia hili."

Mama akalivuta kwake. Ndilo la kulisha wanawe wiki nzima. "Si umesema vitu viwe endelevu? Basi mkaa wangu ni endelevu. Mwaka jana mlinikamata, nikaendelea. Juzi mmenikamata tena, na bado naendelea."

Abiria wakacheka. Bwana misitu hakucheka. "Nashuka nalo pale hotelini, kwenye semina yetu."

"Basi shika upande huo tubebe, nami naenda hapo hapo. Jikoni kwao wananisubiri."

Msichana akazidi kutazama nje. Jana hotelini yeye ndiye aliyepita mezani kuuliza wageni wa semina watakula nini leo, na bwana huyu, ambaye sasa wala hamtambui, alijibu bila kuinua macho: kuku wa kuchoma, tena wa mkaa, maana wa gesi hana ladha.

Basi likasimama hotelini. Bwana misitu alikuwa ameshika shingo ya gunia, haachii wala hanyanyui.