Divai ya Kepu Yafika Mpemba

Benchi la Jairo muuza kahawa lilikuwa Mpemba, pale malori ya kwenda Rodeshia yalipopunguza mwendo. Asubuhi moja ya mwaka arobaini na nane, Nikodemo alifika ameikumbatia chupa. Alikuwa amerudi juzi kutoka Afrika Kusini, alikopotelea miaka mingi bila kutuma hata salamu. Njia nzima alijua anakwenda kuonyeshwa kaburi la mama yake. Akamkuta hai, amenawiri, chini ya paa la nyasi mpya. Waliomlimia na kumwezekea nyumba ni watu watatu wa benchi hili: Jairo mwenyewe, Amoni, aliyeitwa Hakimu kwa kuhukumu hata mvua, na Danford Injini, utingo wa zamani. Nikodemo hakuwa na kingine cha kuwashukuru ila chupa ile.

— Ni divai, alisema, akiwamiminia katika vikombe vya kahawa. Inatoka Kepu, kusini kabisa kwa Makaburu, kwenye shamba nililofanyia kazi.

Injini akaonja, akakunja uso.

— Mwe! Ulimi umekauka kama nimelamba ganda la ndizi mbichi!

— Nzito hii, alisema Hakimu, akiinua kikombe chake na kukiinamisha juani. Nyeusi ti! Hii ni damu ya ng'ombe na asali.

— Damu wapi! Injini akabisha. Hii wameikamua kwenye reli. Huisikii kutu? Kule reli zinaota shambani kama mihogo.

— Hamjui kitu nyie, Jairo akadakia. Udongo wa Kepu una dhahabu kuliko mgodi wa Saza. Mizizi inakunywa dhahabu, Wazungu wanakunywa mizizi. Ndiyo maana hawafi ovyo.

— Wanakufa sana tu, Nikodemo akasema. Nimewachimbia makaburi.

Hakimu akatua kikombe.

— Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na hii imetembea tangu Kepu!

Wakaangua kicheko. Nikodemo hakucheka, alihisi anasemwa yeye. Akaanza kueleza polepole. Zabibu zake ni ndogo, nyeusi, zenye ganda nene. Mlima zinakoota ni mawe matupu na jua kali, mpaka upepo wa bahari uje jioni. Mzabibu ukiteseka huzaa kidogo, lakini hicho kidogo kina nguvu. Maji yake huchachushwa pamoja na maganda, ndiko unakotoka wekundu na ule ukakasi, kisha hulazwa kwenye mapipa ya mbao.

— Msiimeze upesi. Ishikeni kwanza mdomoni.

Wakaishika.

— Kuna moshi humu, Injini akanong'ona. Na zambarau zilizoiva.

— Mimi nilikuwa napogoa mizabibu ya watu, Nikodemo akasema, nanyi mnapalilia mahindi ya mama yangu. Sina neno zaidi, ndugu zangu. Asanteni.

Hakimu akakohoa, akapangusa macho kwa kiganja.

— Mama yako hakutuacha tuondoke bila kula, hata siku moja. Mimina tena, bwana.

Mwendesha baiskeli mmoja, mgeni wa upande wa Isoka, ng'ambo ya mpaka, alikuwa amesimama akingoja kahawa.

— Samahani, wazee. Nimesikia huyu anawashukuru kwa ajili ya mama yake. Kati yenu, ndugu yake wa tumbo moja ni yupi?

Injini akamtazama Hakimu. Hakimu akamtazama Jairo. Nikodemo akawaonyesha wote watatu kwa mkono.

Jairo akasogea, mgeni akapata pa kukaa.