Ubingwa wa Craiova

Kiangazi cha 1974, nikiwa kwenye treni na Deusdedit, jirani yangu wa Spånga, kitongoji tulichoishi ughaibuni, tulimsikia Mganda mmoja akisema amesoma Craiova, Romania.

“Hata mimi!” Deusdedit aliruka. “Timu yetu ya soka ya chuo ilianzishwa 1948, ikapanda daraja la kwanza 1964. Ni ya wanafunzi ile.”

“Ni ya mji mzima, ndugu yangu,” Mganda alibisha. “Mwaka huu, ilipotwaa ubingwa mara ya kwanza, rafiki yangu Yosefu wa Masaka alilia barabarani pamoja na wauza mboga.”

“Yosefu? Niliishi naye chumba kimoja! Tuliambiwa ameuawa Kampala.”

“Alitoroka, akarudi Craiova. Ni mzima kabisa.”

Deusdedit alifunika uso, akalia.

Treni iliposimama Spånga nilishuka peke yangu. Yeye alibaki akimuuliza Mganda kama Yosefu bado anakoroma.