Mwanafizikia Niliyemfundisha Nusu

Ndugu zangu wa msikitini na wa kanisani, wazee wangu shikamooni. Na nyie wagonjwa wenzangu mlioletwa leo kwenye kikundi chetu kwa mara ya kwanza, tena mkiwa hamtaki, karibuni. Najua hamtaki, hata mie sikutaka. Mtanisamehe naongea taratibu kama redio iliyoishiwa betri. Nilipokuwa mzima nilikuwa naongea mpaka wanafunzi wakanipa jina la Cherehani. Walidhani sijui. Mwalimu anajua yote.

Mie nafundisha Fizikia kwenye sekondari moja hapa hapa Gongo la Mboto, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Kwetu ni Iringa, mwanamke wa Kihehe wa kuzaliwa, na hilo la Uhehe mlishike maana lina kazi yake mbele.

Kwenye chumba cha maabara nilikuwa nimebandika picha niliyoikata gazetini, ya mwanafizikia mmoja maarufu dunia nzima. Humu ndani hatutaji majina, lakini aliyesoma sayansi kidogo ameshamjua. Ugonjwa ulimshika akiwa kijana, madaktari wakamwambia siku zake chache. Akaishi miaka na miaka. Miguu ikaenda, mikono ikaenda, mwisho na sauti ikaenda, akawa anazungumza kwa mashine. Na akiwa hivyo hivyo kitini, akawa anafikiria mambo ya huko juu kabisa.

Ngoja niwape kidogo, msinichoke. Nyota kubwa sana ikifa, inaweza kujikunja mpaka ikawa kitu kinachovuta kila kilicho karibu, hata mwanga ukiingia hautoki. Ndiyo shimo jeusi. Watu wote walishika hivyo, kwamba kinachoingia hakitoki. Yeye akapiga hesabu, akaonyesha kwamba lile shimo linatoa joto. Kidogo mno, lakini linatoa, na kwa muda mrefu sana linapungua mpaka linakwisha. Mpaka leo hakuna chombo kilicholipima hilo joto, ila wakubwa wa Fizikia bado wanakuna vichwa kwa sababu ya hesabu ile.

Sasa mie hiyo habari niliifanya fimbo. Kila Januari kidato cha tatu wakiingia, nawasimamisha mbele ya ile picha. "Mtu hawezi hata kushika kijiko, amefikiria mpaka ukingoni mwa ulimwengu! Nyie mna mikono miwili, mnashindwa maswali matano ya nyumbani?" Mtoto akisema jana alikuwa anauguza, nanyoosha kidole pale ukutani. Akisema nyumbani hakuna taa, kidole ukutani. Nilikuwa najiona mwalimu hodari kweli.

Presha nilikuwa nayo. Vidonge nilipewa, nikanywa, nikajisikia vizuri, nikaacha. Ndugu zangu, nawaambia mkiwa mnanitazama huu mkono: kujisikia vizuri ndiyo kazi ya kidonge. Mie mtu wa sayansi nililijua hilo, na bado nikaacha.

Ilikuwa Jumatano, kipindi cha tatu. Naandika ubaoni, chaki ikaanguka. Nikainama kuiokota, mkono haukufunga. Nikageuka kuwaambia watoto waendelee kunakili, yakatoka maneno siyajui. Darasa likacheka. Walidhani Cherehani leo ana mzaha. Nikajaribu tena, na safari hii hakucheka mtu. Mmoja akakimbia kuita walimu. Kiharusi ndugu zangu, upande wa kulia wote na ulimi juu yake.

Hospitali nilikaa wiki sita. Dada yangu mkubwa akatoka Iringa akaja kuniuguza, na mpaka leo yuko kwangu. Dada alikuwa ananiogesha mie, mtu mzima niliyekuwa nawaamuru watu mia mbili. Alikuwa ananifuta mate. Nilikuwa naona aibu mpaka natamani ukuta unimeze. Maneno yalikuwamo kichwani yote, yamepangana vizuri, nikifungua mdomo inatoka "ba, ba". Nikaacha kufungua mdomo. Miezi mitatu sikutamka kitu, na milango nikamwambia dada kwa ishara afunge.

Lakini watu wa Gongo la Mboto utawafungia wapi? Wakaja walimu, kina mama wa jumuiya, wanafunzi wa zamani. Na kila aliyekuja, ndugu zangu, alikuja na yule mwanafizikia! "Mwalimu, mkumbuke yule wa kwenye kiti." "Mwalimu, si ulitufundisha mwenyewe? Yeye aliweza, na wewe utaweza." Wanasema kwa upendo, machozi yanawalenga. Mie ndani nachemka. Nilimchukia yule bwana nikawachukia na marehemu wa ukoo wake. Shule walikuwa wamenikusanyia vitu vyangu wakaleta na ile picha, nikamwonyesha dada aitoe machoni pangu. Dada hana neno, akaitandika kwenye shelfu chini ya masufuria.

Ikaja barua. Likizo ya ugonjwa inakaribia kwisha, na mkuu wetu wa shule, mama mwenye roho nzuri, akaambatanisha fomu ya kustaafu kwa ugonjwa. Hakunilazimisha. Aliandika nikiona siwezi, nitie sahihi. Kazi ya darasani ndiyo kitu pekee nilichokuwa nakijua duniani, sina mume, sina mtoto, wanafunzi ndio hao hao. Nikaijaza kwa mkono wa kushoto, herufi kama za chekechea. Ikabaki sahihi tu. Nikasema kesho.

Kesho yake saa kumi jioni nikasikia kilio nje. Kilio cha msiba haswa! "Uuuwi! Mhehe amekufa! Mhehe amekufa na mie mtani wake sijaitwa!" Majirani wakatoka mbio. Anaingia nani? Mwalimu mwenzangu wa Hesabu, Mngoni wa Songea, jembe begani.

Walio wa huku Pwani niwaeleze. Sisi Wahehe na Wangoni ni watani tangu babu zetu walipopigana wakachoka. Mtani hata msibani anafanya vituko, anamcheka maiti, na huruhusiwi kukasirika. Wao wanatuita wala mbwa, sisi tunawaita wala panya. Na hospitalini hakuja hata mara moja huyu, nilikuwa nimeshamwekea kinyongo.

"Shemeji," anamwambia dada, "kaburi tunachimba wapi? Hapa uani pafupi, Mhehe huyu mrefu. Na mbona hapana turubai? Au mbwa wa matanga hajapatikana?"

Dada, naye Mhehe vilevile, akakaa chini kwa kucheka. Yule bwana akaja mpaka kitandani, akanipima na mpini wa jembe kichwa mpaka miguu, anahesabu futi kwa sauti. "Futi tano na nusu. Mdomo tutauzika peke yake, una kaburi lake."

Ndugu zangu, miezi mitatu watu wananinong'onea kama maiti, hakuna aliyenitania. Hasira ilinipanda kutoka kwenye unyayo. Nikafungua mdomo nimjibu, na likatoka safi kabisa: "Mla panya!"

Dada kaweka mikono kichwani. Mie mwenyewe nikashtuka. Mngoni akaangusha jembe, akacheka mpaka akafuta macho kwa shati, na sijui hadi leo kama kile kilikuwa kicheko. "Rudia," akasema. Nikarudia. Siku ile neno langu lilikuwa hilo hilo moja, na nililisema mara ishirini.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini hajamaliza huyo mgeni. Akaiona fomu mezani. Utani ukamtoka usoni.

"Hii nini?"

Nikachukua daftari, nikaandika kwa kushoto: YULE ALIWEZA. MIE SIWEZI.

Akasoma. Akavuta kigoda. "Yule wako wa ukutani? Aliweza na nani?"

Nikaweka kalamu chini.

"Nakuuliza, Mhehe. Alikuwa anaamka asubuhi, anaoga, anafunga tai mwenyewe, anakwenda kupiga hesabu? Nani alimlisha? Nani alimgeuza kitandani? Mkono ulipokataa kalamu, zile hesabu ziliandikwa na nani?"

Nilikuwa najua, ndugu zangu. Hapo ndipo palipo dhambi yangu. Nilishasoma habari za mke, za wauguzi wa zamu, za wanafunzi na wenzake waliomwandikia alichokiona kichwani. Niliyajua yote nikayaacha, kwa sababu yaliniharibia hadithi. Fimbo nzuri inatakiwa iwe imenyooka, haina matawi. Miaka yote nimewasimulia watoto wa watu habari za mtu mmoja peke yake na akili yake, na mtu huyo hajawahi kuwepo.

"Tena hilo joto la shimo," akaendelea Mngoni, "si wewe ulinisimulia kwenye chai ya saa nne? Kuna mtafiti kijana alileta wazo la kuelekea huko, bwana mkubwa akaona si kweli, akakaa apige hesabu. Hesabu zikamgeukia, akakubali. Yeye alikubali kusahihishwa. Wewe ni nani usikubali kushikwa mkono?"

Nikalia. Sio kwa maumivu. Nililia kwa kuwa nimechoka kuwa peke yangu. Dada akaja akanikumbatia, na kwa mara ya kwanza sikuusukuma mkono wake.

Ile fomu sikutia sahihi. Sikuichana pia, maana muujiza haukutokea. Mngoni alikuja kila siku baada ya kazi, ananichokoza nimjibu. Nilipona kwa matusi ya halali, nawaambia. Mtaalamu wa mazoezi pale zahanati alinifundisha kufunga kiganja, kusimama, kupanda ngazi tatu. Nilianguka mara mbili bafuni. Hujafa hujaumbika, nilikuwa naliimba kama kibwagizo.

Likizo ikaisha. Mkuu wa shule akasema, "Njoo ufundishe kipindi kimoja, mie nitakaa nyuma, tuone." Usiku wake sikulala.

Mpango ulikuwa huu: Mngoni ataandika ubaoni, mie nitasema. Somo ni jinsi joto linavyotoka kwenye kitu. Tukaweka makopo mawili ya maji ya moto, moja limepakwa rangi nyeusi, jingine linang'aa, kila moja na kipimajoto chake. Lipi litapoa kwanza? Zamani ningemwaga maelezo ubao mzima, wanakili, kengele ilie. Sasa sina maneno ya kumwaga. Nikauliza, "Lipi?" Wengi wakasema linalong'aa. Wakasoma vipimajoto, wakaona jeusi linashuka haraka zaidi. Nikasema, "Kwa nini?"

Ikatoka "gwa dini". Mvulana mmoja akaguna kicheko. Mngoni akageuka na chaki yake, macho mekundu. Nikamzuia kwa mkono. Nikamwambia yule kijana, polepole, "Cheka. Halafu jibu."

Akajibu. Akakosea. Mwenzake akamsahihisha, wa tatu akawabishia wote wawili. Kipindi kizima nimesema labda maneno kumi, na wamebishana Fizikia kuliko miaka yangu yote ya ucherehani. Mkuu wa shule akanyanyuka kabla ya kengele. Mlangoni akaniambia, "Jumatatu uwahi, mwalimu." Basi.

Jumatatu hiyo kabla ya somo nikawaomba watoto radhi. Nikawasimulia upya habari za yule mwanafizikia, na safari hii nikawaweka na waliomwogesha, na waliomwandikia. Ilinichukua nusu saa kusema ya dakika tano. Nilipomaliza, binti mmoja wa nyuma akasimama. Huyo nilishamnyooshea kidole cha ukutani mara nyingi kwa kuchelewa. Akasema, "Mwalimu, mama yangu yuko kama wewe. Mwaka wa pili sasa. Tunamfungia ndani, watu wakiuliza tunasema kasafiri."

Jioni ile tulikwenda kwao, mie, dada, yule binti, na Mngoni na jembe lake. Ndivyo kikundi hiki kilivyoanza, watu wanne na mgonjwa mmoja aliyegeukia ukuta.

Namshukuru Mungu. Namshukuru dada yangu, mikono yake naijua kuliko yangu. Nawashukuru wa zahanati, na mkuu wangu wa shule. Mtani wangu yule, shukrani hataki, anataka panya, nitamtafutia. Nanyi mliobaki na mgonjwa ndani, nawaomba msimletee hadithi za shujaa. Mleteeni mtu. Na wewe mgonjwa, anayekunyanyua hakupunguzii kitu. Kunywa vidonge vyako.

Sasa namaliza, kwa sababu mama wa yule binti yuko humu, na asubuhi hii amemwandikia dada kwamba anataka kusema. Hajawahi kusema mbele ya watu tangu augue. Atakwama, tena atakwama sana. Nawaomba kitu kimoja: msimmalizie neno. Hata mkilijua, kaeni nalo mdomoni. Lake ni lake, mwacheni alitoe mwenyewe. Karibu, mama.