Soketi za Jiko la Wembe

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi lilikuwa na mguu mmoja mbovu ulioegemezwa tofali, ila halikukosa wakaliaji. Asubuhi hiyo birika la muuza kahawa lilikuwa bado limejaa, na Wembe, kinyozi mwenyewe, anayeishi nyuma ya kibanda hicho, hakuwa na mteja. Alikuwa amechuchumaa akichora kwa chaki kwenye saruji: hapa mlango, hapa karo, hapa dirisha. Ndilo jiko lake, analotaka kulibomoa na kulijenga upya. Juzi mama watoto alichomeka birika kwenye soketi ya kando ya karo, mikono ikiwa na maji, umeme ukamrusha chini. Tangu hapo, kila sahani ikigongana huko ndani, Wembe hushtuka.

— Fundi umeme anakuja kesho, alisema. Anataka nimwonyeshe kila kitu kikae wapi. Nipeni mawazo, jamani.

Kilo, muuza nyama, hakungoja.

— Soketi moja tu, hapo kati. Friji, jiko, pasi, vyote humo. Umoja ni nguvu!

— Si itaungua? Wembe aliuliza.

— Itaungua vipi? Haba na haba hujaza kibaba.

Breki, dereva mstaafu wa lori, akatikisa kichwa.

— Huyo atakuchomea nyumba. Umeme ni kama lori, ukiupa barabara pana unakimbia. Nunua waya mwembamba kabisa. Mwenda pole hajikwai.

— Waya mwembamba unapata moto, Breki.

— Unapata moto kwa sababu umeme una haraka!

Profesa, fundi simu aliyepata jina kwa sababu ya miwani tu, akakohoa.

— Wote mmepotea. Soketi ziwekwe juu, darini. Umeme ukishuka safari yote hiyo unafika umechoka, mpole kama kondoo.

— Na mama watoto atazifikiaje?

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hicho ni cha darini, Profesa.

— Basi sharti arefuke.

Wakacheka mpaka benchi likayumba. Kilo, kwa kunogewa, akaongeza:

— Na ile ya kando ya karo iache. Dawa ya moto ni moto. Ikimrusha tena atazoea.

Wembe aliweka kikombe chini taratibu.

— Kilo, mimi ndiye niliyemkuta sakafuni. Hapo usinichekeshe.

— Nisamehe, ndugu yangu. Ulimi umeteleza.

Hapo ndipo mama mmoja, mpangaji mgeni mtaani, aliyekuwa akisubiri chupa yake ijazwe kahawa, akauliza kwa upole:

— Samahani, kaka zangu. Siku ile shemeji aliporushwa, mliuzima wapi umeme wa nyumba nzima?

Wembe alimtazama Breki. Breki akamtazama Profesa.

— Kwangu mimi, Kilo alijaribu, swichi iko... ukutani.

— Ukuta upi?

Yule mama akapokea chupa yake, akaaga, akaenda zake.

Wembe aliingia ndani. Mkewe alikuwa akikata vitunguu, mbali na karo.

— Mama watoto, swichi kubwa iko wapi?

— Chumbani, nyuma ya kabati la nguo.

— Na soketi za jiko, wewe ungependa zikae wapi?

Kisu kikasimama.

— Leo ndiyo unaniuliza mimi?

— Leo, mke wangu. Nimechelewa.

Akafuta mikono, akamwonyesha: moja hapa, usawa wa kiwiko, mbali na maji, jiko la umeme liwe na waya wake peke yake, mnene, na fundi asiondoke kabla ya kuunga ule waya wa kwenda ardhini. Wembe alisikiliza bila kumkatiza.

Kisha wakaenda chumbani. Kabati lilikuwa zito. Wakalisukuma wote wawili, huyu huku, huyu kule, mpaka kisanduku cha swichi kikaonekana, kimejaa utando wa buibui. Mkewe akanyoosha mkono. Akazima. Friji ikanyamaza jikoni. Akawasha, ikaanza kunguruma tena.

— Naifikia, alisema.