Mechi Moja Iliyobaki

Ukishuka kwenye barabara kuu pale Sultan Hamud, ukavuka reli ya zamani na kufuata harufu ya tangawizi, utalikuta benchi la Faki. Ni ubao mmoja mrefu juu ya mawe mawili, na jiwe la kushoto limezama, kwa hiyo anayekaa upande huo huteleza hadi ukingoni kila anapocheka. Babu yake Faki aliletwa hapa na kazi ya reli kutoka pwani, na hakurudi. Faki mwenyewe huweka birika la kahawa juu ya makaa saa nane mchana, na birika likiisha kikao kimeisha. Hajawahi kuongeza maji kwa ajili ya ubishi wa mtu. Wenye benchi ni watatu. Ndolo, fundi wa viatu, huitwa Jaji kwa kuwa hukata hata kesi ambazo hazijaletwa. Nzau, mwenye kibanda cha kuchaji simu, huitwa Bando, maana bando zake huishia kwenye gemu kabla ya saa nne asubuhi. Wa tatu ni Mutisya, fundi wa redio na televisheni, ambaye watu humwita Memori.

Jumatano ile Memori alifika na kiondo cha mkewe begani. Akakaa, akakiweka katikati ya miguu, akapokea kikombe. Kisha akatoa pleistesheni kuukuu, ile mashine ya gemu nyeusi nene, na kuifuta vumbi kwa mkono wa shati.

— Imesoma sidii jana, akasema. Nimetoa jicho ya kusoma ya ingine iliyokufa huko Emali, nikaibandika kwa hii. Leo saa kumi naenda kuimaliza.

Hakuna aliyeuliza ni nini kitamalizwa. Hadithi hiyo benchi zima liliijua, na kama wewe huijui, keti upande wa kulia, usiteleze.

Miaka kumi na tatu iliyopita, stoo ya ndengu ya mama mmoja aitwaye Kanyiva ndiyo ilikuwa uwanja wa vijana wa mji huu. Kulikuwa na televisheni moja, mashine moja, pedi mbili za kuchezea, na magunia ya ndengu hadi dari. Sheria ya Kanyiva ilikuwa fupi. Ukifungwa unaachia pedi, unapewa ungo, unachambua ndengu hadi zamu yako irudi. Mama yule hakuwahi kuajiri mtu wa kuchambua. Ndengu zake zilitoka pale bila jiwe wala ganda, zimesafishwa na vijana wenye hasira waliofungwa goli la dakika ya mwisho. Na hakuna aliyechambua nyingi kumshinda Kiilu, kwa sababu Kiilu alifungwa na kila mtu.

Mutisya alimwonea huruma. Akamwambia waache kupigana wao kwa wao, wacheze upande mmoja dhidi ya mashine, ligi nzima, mechi thelathini na nane. Wakaunda timu yao wenyewe na kuwapa wachezaji majina ya watu wa mji. Faki akawekwa golini. Ndolo akawa beki, na ndani ya gemu kama nje yake alipewa kadi nyekundu kila wiki. Miezi minne walicheza, na yule Kiilu wa kufungwa akageuka mtu mwingine kabisa. Walifika mechi ya mwisho wakiongoza kwa pointi moja. Dakika ya sitini stima ikapotea. Wakakaa gizani kati ya magunia, wakicheka, na Kiilu akasema wataianza upya Jumatatu, asiiguse mtu bila yeye, na Mutisya akamwahidi. Kesho yake akapanda gari kwenda Kyuso kusaidia mjomba wake na mifugo. Jumatatu hiyo haijafika mpaka leo.

Kilichobaki ni kadi ya memori iliyotunza ligi ile, ndogo kuliko kiberiti, yenye nukta ya rangi ya kucha ambayo Kanyiva aliitia ili isiibwe. Mutisya hutembea nayo mfukoni. Alioa nayo, akazika baba nayo. Lakini kadi za aina hiyo huchoka, yeye ni fundi na anajua. Mwezi uliopita alifungua nyingine ya umri huohuo, akaikuta tupu kama haijawahi kuandikwa kitu. Tangu siku hiyo hajalala vizuri.

Bando ndiye aliyeanza. Alisema kwa heshima kwamba shida ya wazee ni kucheza gemu zenye mwisho. Yeye ana gemu ya simu ya kujenga mji, ana miaka sita ndani yake, na kila wiki inaletewa mambo mapya. Gemu ambayo inaisha imekudanganya, alisema. Yake ataicheza hadi awe na wajukuu. Faki alimuuliza kama anaweza kukumbuka siku moja, moja tu, aliyoifurahia katika hiyo miaka sita. Bando akafikiri hadi kahawa ikapoa.

— Kuna siku nilijenga daraja, akasema mwishowe.

— Na ulikuwa na nani?

— Peke yangu. Nilikuwa kwa choo.

Upande wa kushoto wa benchi ukateleza wote. Faki akatumia nafasi hiyo kutoa nadharia yake. Yeye aliona kwamba mwenye pedi hafaidi chochote, maana ana jasho na hofu. Anayefaidi ni aliyekaa kwa foleni na ungo, kwa kuwa huyo anacheza mechi kichwani, na kichwani hakuna anayefungwa. Kwa hiyo mtu akitaka gemu imkae maishani asicheze sana, angoje sana. Akaongeza kwamba kwa hesabu hiyo, Kiilu ndiye aliyefaidi stoo ile kuliko wote, na Kanyiva ni wa pili.

Jaji akasafisha koo. Alisema wote wamekosea. Gemu ni moja tu, kama shamba ni moja. Unachukua sidii moja, unaijua kila kona, unajua golikipa gani anaruka mapema, na hiyo ndiyo unawaachia watoto. Alipendekeza iandikiwe hati. Alipendekeza pia kwamba posa zikipelekwa, pamoja na mbuzi iwekwe pedi moja, ili ukoo wa bibi arusi uone kama kijana ni mtu wa subira au ni mtu wa kubonyeza ovyo. Bando alisema angenyimwa mke mchana kweupe.

— Na wewe Memori, hiyo mechi usiicheze, Jaji akasema.

— Kwa nini?

— Kwa sababu ligi ikiisha, hiyo mashine inaongeza kila mchezaji mwaka mmoja. Nimecheza hiyo gemu, naijua. Hapo ndani mimi niko na miaka ishirini na mbili. Goti yangu iko sawa. Ukimaliza utaanza kunizeesha.

Jaji aliangalia viatu vyake mwenyewe, ambavyo kwa fundi vilikuwa vibovu sana. Hilo Mutisya hakuwa amelifikiria. Alikuwa amedhani ni yeye peke yake anayeishi ndani ya ile kadi.

Akawaeleza basi wazo lake, lile alilokuwa akilitunza. Alisema zamani aliamini gemu hudumu ikiwa hujaimaliza, na ndiyo sababu alijizuia miaka yote. Gemu alizozimaliza amezisahau zote, hata majina. Hii moja tu anaikumbuka, mpaka mlio wa mvua kwenye mabati ya Kanyiva. Lakini tangu aione ile kadi tupu ameanza kuogopa. Akiimaliza peke yake, atakuwa amevunja neno alilompa rafiki. Asipoimaliza, siku moja ataiwasha na kukuta hakuna kitu, hakuna Faki golini, hakuna pointi moja ya juu, hakuna chochote cha kuonyesha kwamba wale vijana wawili waliwahi kuwa wazuri katika jambo fulani.

— Afadhali niimalize nikiwa naiona, akasema. Nitampatia Kiilu pedi ya pili. Nitaiweka tu hapo kando.

Faki aliinamisha birika na kumimina, nalo likatoa nusu kikombe tu.

Nusu kikombe hicho kilimwendea mgeni. Alikuwa dereva wa lori la nafaka, jina lake Mbuvi, ambaye gurudumu lake lilikuwa likizibwa hapo ng'ambo ya reli. Alikuwa amesimama akisikiliza kwa muda, kofia mkononi. Akashukuru, akanywa, akauliza kwa upole kama mtu anayeuliza njia.

— Na huyu Kiilu, saa hii ako wapi?

Mutisya alimwangalia Jaji. Jaji naye alikuwa akimwangalia yeye. Ikajulikana kwamba Jaji siku zote aliamini Memori huongea na Kiilu kwa simu. Faki alisikia zamani kwamba yuko Mombasa, hakumbuki kwa nani. Mutisya alikuwa na namba, ikaacha kupatikana mwaka wa pili, akasema atauliza watu. Kisha akaanza kuisimulia ile hadithi hapa kwenye benchi, na watu wakaipenda, na kila alipoisimulia alihisi kana kwamba ametoka kumwona Kiilu. Kuuliza kukapitwa na wakati.

— Mimi naenda Kyuso kuchukua ndengu, Mbuvi akasema. Leo nalala Kitui, kesho niko huko. Nikifika sokoni naweza kuulizia. Ni Kiilu nani?

Makaa yalilia kidogo chini ya birika. Mutisya alijua kwamba Kiilu hulamba mdomo kabla ya penalti. Alijua kwamba akipaniki hubonyeza kitufe cha duara, hata mpira ukiwa nje. Alijua kwamba vidole vyake vilipita kwenye ungo upesi hadi Kanyiva akawa anasimama kumtazama. Aliweza kutaja, mmoja baada ya mwingine, wachezaji wote ishirini na watatu wa kwenye kadi. Jina la pili la rafiki yake hakulijua, kwa sababu mashine iliacha nafasi ya jina moja tu na wao hawakuhitaji zaidi. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

— Huko akina Kiilu ni wengi, Mbuvi akasema, bila kumsuta.

Faki akaliinua birika, akaligeuza juu chini. Halikutoa tone. Saa ya simu ya Bando ikalia, saa kumi kamili. Alikuwa ameiweka mwenyewe, ili wasikose kwenda kutazama mechi.

Mutisya aliirudisha mashine ndani ya kiondo, polepole, na kuifunika kwa kitambaa.

— Unaenda kuicheza? Jaji akauliza.

— Naenda kwa Kanyiva. Mama yake Kiilu alikuwa anamletea ndengu. Kanyiva atajua ni Kiilu wa nani.

Alikuwa amekwisha kupita reli aliposimama, akageuka.

— Dereva, hiyo gurudumu inachukua muda gani?

— Nusu saa hivi.

— Niwekee nafasi hapo mbele kwa lori, Mutisya akasema. Na hii kiondo pia.