Sumu ya Kahawa na Mikono Yangu

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wa rika langu, mnanijua, mimi si msemaji. Lakini mwenyekiti wa mkutano huu ameniona nimejibanza huko nyuma, basi nimesimama, japo kwa fimbo.

Mnaikumbuka ile sumu ya wadudu wa kahawa, ya kuchanganya na pumba na sukari? Bwana shamba alisema tukoroge kwa mti. Nikamcheka! Mtu wa Kibosho akoroge kwa kijiti kama Mzungu na chai yake? Nikaivuruga kwa mikono mpaka viwikoni, kama ndizi za pombe ya mbege, nikaimwaga chini ya mibuni nikiwa miguu mitupu. Msimu mzima.

Nyayo zikaanza kuwaka moto. Kisha ganzi, ikapanda, ikafika mikononi. Nikishika kifungo, kinaponyoka. Majirani wakasema pombe imenizidi. Wengine, nimerogwa.

Wakati huohuo mke wangu akajifungua binti, mtoto wetu wa kwanza. Desturi mnaijua, mzazi hukaa ndani, mume ndiye amtafutie nyama na mafuta. Mimi hata kisu sikuweza kushika! Kaka yangu ndiye aliyechinja. Mke akaniwekea mtoto mapajani, nikamgusa shavu. Ndugu zangu, nawaambia, sikujua kama nimegusa mtoto au ukuta. Nikawa na hamu na mwanangu, naye yuko mapajani pangu.

Kaka akanipakia kwenye lori la kahawa hadi hospitali, Moshi mjini. Mganga msaidizi, Mchagga mwenzetu, akaona mistari myeupe kwenye kucha zangu, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamweleza yote.

"Sumu imekula mishipa yako ya fahamu," akasema. "Huanzia kwenye ncha. Si unaona mfereji maji yakipungua? Shamba la mwisho ndilo hukauka kwanza."

"Itapona?"

"Usiiguse sumu tena. Kula, ungoje. Huenda isipone yote."

Nikangoja. Kila jioni mke wangu alinikanda vidole kwa siagi, akimsimulia mtoto habari zangu kana kwamba sipo. Hadi siku moja mtoto, fizi zinamwasha, akadaka kidole changu akakitia mdomoni. Kumbe jino limetoka! Nikapiga ukelele. Mke akaja mbio kutoka jikoni, akidhani nimeungua.

"Ameniuma!" nikamwambia. "Mama, ameniuma, na inauma!"

Tukalia wote wawili, na mtoto alipotuona, naye akaangua kilio. Nikamshika shavu. Lilikuwa la moto, limelowa machozi.

Namshukuru mke wangu, kaka yangu, na yule mganga. Bwana shamba, uko pale mlangoni, nisamehe kwa kukucheka. Wenzangu, tumieni mti, nawaeni, na vyombo vya sumu visiingie jikoni.

Mikono imerudi. Miguu bado. Kesho alfajiri mtakapokanyaga umande mkalalamika baridi, jueni yuko mwenzenu anayewaonea wivu.