Siku Nilizokata Vidonge Nusu

Asanteni kwa kunipa nafasi, ndugu zangu. Wengi wenu mnanijua kama yule mtu aliyekuwa akianguka kifafa. Lakini kitu kilichokuwa kinatangulia kabla sijaanguka, hicho sijawahi kukisema hapa kanisani.

Miaka ile ya mwanzo baada ya uhuru nilikuwa kibarua wa kuchuma majani ya chai katika shamba moja upande wa Kericho. Asubuhi moja ya ukungu nikasikia mtu akichuma kwenye mstari wa pili. Mnajua jani linavyolia likikatika, tik, tik, chini ya vidole vyepesi. Nikamsalimia. Hakujibu, akaendelea kuchuma huku akisogea karibu. Nikatazama juu ya michai. Hapakuwa na mtu, na matawi hayakutikisika. Kisha ikaja harufu ya nywele zinazoungua, na baada ya hapo sijui. Nilizinduka na udongo mdomoni. Wenzangu walikuwa wamesimama mbali, hakuna aliyenigusa.

Dispensari ya shamba ilinipa vidonge, na yule mchumaji akanyamaza. Lakini nyapara akasema mtu wa kuanguka hawezi kufanya kazi na watu. Nikaachishwa, na kwa kuwa dawa ilikuwa ya wafanyakazi, nayo ikabaki huko.

Mimi na mama watoto tukarudi Sosiot, kwenye kipande cha ardhi cha baba yangu, nikaanza kununua dawa ileile mjini. Nawaambia, wapendwa, kile kiboksi kilikula mtamba wetu, kikala na mahindi yakiwa bado shambani. Mwenye duka la dawa hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Ndugu, hata mimi naitoa Nairobi, na Nairobi wanaitoa ng'ambo."

Mama watoto akaniuliza, "Tukiuza na huyu ng'ombe, watoto watakunywa nini?" Nikaanza kukata vidonge nusu. Baadaye robo.

Mchumaji akarudi, na safari hii hakungoja mashamba ya majani. Nilimsikia nyuma ya boma la ng'ombe. Nilimsikia ndani ya nyumba tukiwa tunakula, tik, tik, chini ya meza. Nikiuliza, "Mnasikia?" watoto wanaacha kula, wananiangalia.

Siku moja ya mvua nilikuwa nateremka mtoni. Nikamwona mama watoto mbele yangu katika ukungu, kikapu mgongoni, ananiita kwa jina langu la utotoni. "Njoo huku, kuna majani mazuri." Nikamfuata. Nilishangaa tu kwamba nyasi hazikulala alipokanyaga. Nilianguka uso ukiwa majini. Mama watoto mwenyewe alikuwa nyumbani akisonga ugali.

Jirani yetu mjane, aliyekuwa akichota maji hapo chini, alinivuta kwa shati mpaka nchi kavu. Akawaita akina mama wa kanisa hili, wakanipeleka hospitali ya misheni kwa lori la maziwa.

Daktari aliniuliza nilikuwa nikimeza ngapi. Nikamwambia. Hakunigombeza, aligeuzageuza tu kile kiboksi.

"Hii ni dawa mpya," akasema. "Kampuni iliyoivumbua ndiyo peke yake yenye ruhusa ya kuitengeneza, basi inapanga bei yake. Inasema inarudisha gharama ya utafiti. Halafu kuna meli, ushuru, mwenye ghala, mwenye duka. Kila mmoja anaongeza chake. Wewe uko mwisho wa mstari."

"Kwa hivyo maskini afe?" mama watoto akamwuliza, taratibu.

"Hapana, mama. Kuna dawa ya zamani ambayo haina mwenyewe tena. Wengi wanaitengeneza, inakuja kwa mkebe mkubwa, ni rahisi. Naamini itamfaa. Ila tutambadilisha polepole, hii asiiache ghafla."

Mwanzoni ilinilemea kwa usingizi. Kisha asubuhi zikawa asubuhi tu. Sijaanguka tangu kitinda mimba wetu azaliwe, na sasa anaenda shule.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yule mjane, ameketi hapo nyuma na hapendi nimtaje. Nawashukuru akina mama walioshika miguu yangu ndani ya lori, na mke wangu aliyeuliza nilichoogopa kuuliza.

Bei ya dawa ikikushinda, usiikate kimyakimya. Rudi kwa daktari umwambie imekushinda, uulize kama kuna nyingine.

Jumanne naenda hospitali ya misheni kuchukua dawa yangu. Kama kuna mtu hapa ameficha kiboksi chake darini, sitamwuliza kitu mbele ya watu. Apite tu kwangu asubuhi akiwa nacho, tutembee pamoja.